Mazao funika na mbolea ya naitrojeni kwenye mahindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyasikia hadi nimeyakariri: chini ya mti Luanda, Vihiga, siku ya soko, kwenye foleni ya mbolea ya ruzuku Nakuru, na kwa simu usiku, hasa mwezi wa Mei mahindi ya mtu yanapoanza kugeuka njano. Mimi nalima ekari tatu Bahati, Nakuru, na boma la wazazi liko Emuhaya, Vihiga, ambako shamba zima ni robo tatu ya ekari. Ndiyo maana baadhi ya majibu yana pande mbili. Hesabu zote hapa ni za ekari moja, na mfuko ni wa kilo 50.

## Tuanze mwanzo

Mazao funika ni yapi? Si magugu tu yaliyopewa jina zuri?

Ni mimea unayoipanda kwa makusudi ili udongo usikae uchi, ama kati ya mistari ya mahindi, ama baada ya kuvuna na kabla ya msimu mwingine. Mingine ni ya jamii ya kunde: mukuna, njahi (fiwi), kunde zenyewe, marejea, desmodiamu. Mingine ni ya jamii ya nyasi, kama oti wanazolishwa ng'ombe.

Kundi la kwanza linaongeza naitrojeni shambani. La pili linaishika ile iliyopo isichukuliwe na mvua, halafu linakawia kuiachia. Anayeyachanganya makundi haya mawili hesabu yake ya mbolea huharibika yote, na mimi niliwahi kuwa huyo (tazama swali la oti hapo chini).

Mahindi yanakula naitrojeni kiasi gani?

Gunia la kilo 90 la mahindi makavu linatoka shambani na takriban kilo moja na nusu ya naitrojeni ndani ya punje. Ukiongeza iliyobaki kwenye mabua na majani, mmea ulihitaji kama kilo mbili. Kwa hivyo magunia 20 kwa ekari ni kilo 40 hivi.

Sasa angalia unachoweka. DAP, mbolea ya kupandia, ina asilimia 18 ya naitrojeni, yaani kilo 9 kwa mfuko. CAN, ya kukuzia, ya asilimia 26, ina kilo 13. Urea ndiyo nzito zaidi: asilimia 46, kilo 23 kwa mfuko. Mtu anayetumia mfuko mmoja wa DAP na mmoja wa CAN, kama wengi wetu, ameweka kilo 22. Kilo 18 zilizopungua zinatolewa na udongo, mwaka baada ya mwaka, na udongo haulalamiki hadi siku unapokupa magunia manane.

Nikipanda mukuna, naweza kuacha mbolea kabisa?

Hapana. Ila kabla ya kuuliza upunguze kiasi gani, jiulize unaanzia wapi.

Mkulima wa Rongai, Nakuru, anayeweka mifuko miwili ya CAN juu ya DAP ana nafasi ya kupunguza. Mukuna ikimea vizuri anaweza kuokoa mfuko mmoja bila mahindi kushtuka. Lakini mama wa Seme, Kisumu, aliyenunua mfuko mmoja wakagawana na shemeji yake hana cha kupunguza. Kwake mukuna inaziba lile pengo la kilo 18, kwa hivyo ajiwekee mbolea yake ileile na atazame magunia yakiongezeka. Watu wengi wanaoniuliza swali hili wako upande wa huyu mama, ingawa wanauliza kama yule wa Rongai.

Nipunguze ipi, ya kupandia au ya kukuzia?

Ya kukuzia. Usiiguse DAP, NPK au mbolea yoyote ya kupandia kwa sababu ya mazao funika. Mmea wa jamii ya kunde unavuta naitrojeni hewani, lakini hauwezi kuvuta fosforasi hewani, na fosforasi ndiyo mashamba mengi ya magharibi yanaililia. Tena bila fosforasi hata hiyo naitrojeni ya hewani haiji, kwa kuwa bakteria wa kwenye mizizi wanaihitaji ili kufanya kazi yao.

Mfuko wa ruzuku ni shilingi 2,500. Kwa nini nihangaike?

Swali la haki. Mwaka 2022, mfuko ulipopita shilingi 6,000, kila mtu alitaka mbegu za mukuna. Ruzuku ilipoteremsha bei hadi 2,500 mwaka 2023, simu zikanyamaza. Ukihesabu naitrojeni peke yake, na unalipa vibarua wa kufyeka, msimu wa kwanza unaweza kula hasara. Faida nyingine hazionekani kwenye risiti: palizi inapungua, udongo unashika maji muda mrefu zaidi jua likiwaka, kayongo (gugu linalonyonya mizizi ya mahindi) inarudi nyuma, na mbolea unayonunua inafanya kazi vizuri zaidi kwenye udongo wenye uhai. Na siku foleni ya ruzuku ikikukuta mwisho, tayari mahindi yana kitu cha kula.

## Kuchagua mmea

Ninapanda maharage kati ya mahindi kila mwaka. Hayatoshi?

Hayatoshi. Maharage ni mvivu miongoni mwa jamii yake katika kuvuta naitrojeni, na ile kidogo anayovuta sehemu kubwa inaingia kwenye punje, ambazo unazila. Kisha tunang'oa mche mzima, tunaupeleka uani kupura, na maganda yanabaki pale pale kwa kuku. Ukitaka maharage yasaidie, kata shina badala ya kung'oa na urudishe maganda shambani. Hata hivyo usipunguze CAN kwa ajili yake.

Soya ina tabia hiyohiyo ya kubeba naitrojeni yake kwenye punje, ila majani yake yanaanguka mapema na yanabaki shambani. Ni bora kuliko maharage, lakini haifikii mukuna.

Upi ni bora: mukuna, njahi, marejea au kunde?

Mukuna ndiyo inayotoa majani mengi kwa muda mfupi, na inafunika hadi magugu yanakosa pumzi. Udhaifu wake ni kwamba huwezi kuila: mbegu mbichi zina kemikali ya L-dopa, inayodhuru watu na kuku. Mkulima mwenye robo ekari akiambiwa apande kitu kisicholika, anacheka, na ana haki.

Njahi ndiyo chaguo langu kwa familia ndogo. Inavumilia kiangazi, ng'ombe wanaipenda, na punje zinauzika vizuri Nakuru. Ukila punje, naitrojeni inayobaki inapungua, lakini majani yake bado ni mengi.

Marejea inakua haraka ikisimama wima kama fimbo, na mitoo tunayokula Kisumu na Vihiga ni ya ukoo huohuo. Ifyeke ikiwa laini. Ikikomaa shina linakuwa kuni.

Kunde ni ya watu wasio na subira. Katika miezi miwili una mboga na una kifuniko. Kumbuka tu kwamba kila kikapu cha majani unachochuma ni naitrojeni inayoelekea sufuriani.

Mukuna si ndiyo upupu?

Ni ndugu yake wa damu. Upupu ule wa vichakani una vinywele vinavyowasha kufa. Mukuna ya kupanda imechaguliwa kwa kukosa vinywele hivyo. Nimeibeba begani bila shati, sikuwashwa. Kuhusu nyoka, sitakudanganya: penye kichaka kizito panya wapo, na penye panya nyoka hapiti mbali. Vaa buti siku ya kufyeka.

Ile alizeti pori ya kwenye ua inasaidia?

Tithonia, ambayo Wajaluo wanaiita maua makech, inasaidia sana, ingawa si zao funika wala haivuti naitrojeni hewani. Inachimba chakula ua mzima na kukiweka kwenye majani: majani yaliyokauka yana takriban asilimia 3.5 ya naitrojeni, na fosforasi na potasiamu pia. Yakichimbiwa mabichi yanaoza ndani ya wiki chache.

Tatizo ni mgongo. Majani mabichi ni maji matupu, karibu asilimia 80. Ili upate kilo 13 za naitrojeni, sawa na mfuko mmoja wa CAN, unahitaji karibu kilo 1,900 za majani mabichi. Emuhaya tulijaribu kwa ekari robo, tukiwa watu wanne na toroli moja. Siku ya tatu ndugu yangu alitoweka akaenda kuangalia mpira. Itumie kwenye sukuma wiki, nyanya, au mistari michache ya mahindi iliyo karibu na ua.

Na oti? Huku Nakuru ndizo tunazopanda baada ya viazi.

Hapa ndipo nilipoumia. Mwaka mmoja Bahati niliacha oti zikatoa vichwa, nikafyeka, udongo ukapendeza kama mkeka. Wiki mbili baadaye nikapanda mahindi kwa DAP peke yake, nikijisifu kwamba shamba limelindwa. Mahindi yalipofika magotini, majani ya chini yakaanza kugeuka njano: unjano unaanzia kwenye ncha, unaingia katikati ya jani kwa umbo la V, kingo zikibaki kijani. Jirani yangu, mzee asiyejua lolote kuhusu mazao funika, alisimama kwenye ua akaniambia tu, "Mahindi yako yana njaa." Nikanunua mifuko miwili ya CAN badala ya mmoja.

Sababu ni hii. Vijidudu vinavyoozesha mabaki vinahitaji naitrojeni ili viweze kula kaboni. Majani ya jamii ya kunde yana kaboni mara 15 hadi 20 ya naitrojeni yake, kwa hivyo vijidudu vinashiba na kuna inayobaki. Oti zilizokomaa, au mabua ya mahindi, zinaweza kuwa na kaboni mara 60 au zaidi. Hapo vijidudu vinaikopa naitrojeni ya udongo, na mahindi yanasubiri deni lilipwe. Mpaka uko kwenye 25 hivi.

Ukipanda oti, zikate kabla hazijatoa vichwa, au zichanganye na mmea wa jamii ya kunde, na usipunguze mbolea. Ongeza naitrojeni kidogo siku ya kupanda. Kile oti zinachofanya vizuri ni kushika naitrojeni iliyobaki baada ya viazi, ambayo mvua ingeipeleka chini.

## Kuhesabu

Nitajuaje mukuna yangu imeleta naitrojeni kiasi gani?

Usihesabu kwa jina la mmea. Mukuna iliyodumaa haina inachokupa. Pima majani.

Tengeneza fremu ya vijiti, mita moja kwa mita moja. Itupe mahali patano shambani bila kuchagua (mkono unapenda kutupa penye majani mengi, ukatae). Kata kila kitu kilicho ndani hadi usawa wa udongo, kitie kwenye gunia, pima kwa mizani ya kuning'iniza, kisha tafuta wastani. Pima mmea unapoanza kuchanua, ungali kijani. Ukingoja Februari majani yamekauka, hesabu hii haifanyi kazi tena.

Katika kilo moja mbichi, gramu 200 hivi ni majani makavu, na karibu asilimia 3 ya hayo ni naitrojeni. Ekari ni kama mita mraba 4,000. Ukizidisha yote, kila kilo moja mbichi kwa mita mraba ni karibu kilo 24 za naitrojeni kwa ekari.

Tuseme wastani wako ni kilo 1.8. Hiyo ni kilo 43. Usishangilie bado, maana mahindi ya msimu unaofuata hayazipati zote. Ukichanganya majani na udongo, gawanya kwa mbili: kilo 21. Ukiyaacha juu kama matandazo, gawanya kwa nne: kilo 11 hivi, chini kidogo ya mfuko mmoja wa CAN. Na hata hiyo nusu ni ya matumaini. Nyingine haipotei, inabaki kwenye mboji ya udongo, ikitoka kidogo kidogo kwa miaka.

Mwaka wa kwanza mimi hukata nusu ya kile hesabu inachoniruhusu kukata. Hesabu ikisema mfuko mmoja, napunguza nusu mfuko.

Naitrojeni yote hiyo imetoka hewani?

Si yote. Mmea unachukua pia ya udongo, hasa pale ilipo nyingi. Udongo wenye rutuba unaufanya uwe mvivu. Kwenye shamba lililochoka, sehemu kubwa inatoka hewani. Ile ya udongo nayo si bure: bila mmea huo ingesombwa na mvua.

Nifyeke lini?

Mmea unapoanza kuchanua, kabla maganda hayajajaa. Baada ya hapo naitrojeni inahamia kwenye mbegu na shina linakuwa gumu. Lenga wiki mbili au tatu kabla ya kupanda mahindi. Acha mstari mmoja kwenye ua ukomae kwa mbegu, maana mbegu za mukuna si kitu unachokikuta kila agroveti.

Nichimbie au niache juu?

Ukitaka naitrojeni msimu huu, chimbia, hata kwa jembe la mkono, sentimita 10 hadi 15. Ukitaka unyevu na kuzuia mmomonyoko kwenye miteremko kama ya Emuhaya, acha juu, kisha uhesabu robo badala ya nusu. Penye mchwa wengi huna uchaguzi mkubwa: matandazo ya Jumatatu huyaoni Jumamosi. Chimbia.

CAN iliyobaki niiweke lini?

Mahindi yanakula naitrojeni nyingi tangu yanapofika magotini hadi yanapotoa mbelewele. Majani ya mukuna yanaachia naitrojeni yao mapema, katika wiki za mwanzo. Kwa hivyo ukipunguza mbolea, punguza kiasi, si wakati: weka wiki ya tano au ya sita, udongo ukiwa na unyevu.

Kwa kipimo, kizibo cha soda kilichosawazishwa hubeba karibu gramu 5 za CAN. Ukipanda mahindi mawili kwa shimo, sentimita 75 kwa 50, una mashimo 10,800 hivi kwa ekari, na kizibo kimoja kwa shimo ni karibu mfuko mmoja. Nusu kizibo ni nusu mfuko.

## Msimu na ukubwa wa shamba

Nakuru tuna msimu mmoja mrefu. Mazao funika yatakaa wapi?

Ndani ya mahindi yenyewe. Mbegu ya mahindi ya H614 inakaa shambani miezi sita hadi minane, na baada ya palizi ya pili kuna nafasi kati ya mistari. Panda mukuna au njahi wiki ya sita hadi ya nane tangu mahindi yaote, si mapema. Ukiwahi, mukuna inapanda juu ya mahindi na kuyavuta chini. Ikishika mahindi, pita na panga ukate ncha. Karibu kilo 15 za mbegu za mukuna zinatosha ekari.

Chini ya kivuli itajikokota. Mahindi yakianza kukauka inapata jua, na unyevu wa mwisho wa mvua unaimaliza. Tarajia nusu kilo hadi kilo moja kwa mita mraba, mara chache zaidi. Hiyo ni nusu mfuko wa CAN kwa makadirio ya kiasi.

Kisumu na Vihiga tuna misimu miwili lakini shamba ni dogo. Nitoe msimu mzima kwa majani?

Mvua za vuli, Septemba hadi Desemba, mara nyingi hutupa mahindi haba. Usitoe shamba lote. Gawa mara tatu, na kila mwaka theluthi moja ipate njahi au mukuna wakati wa vuli. Mahindi ya masika kwenye theluthi hiyo ndiyo unayapunguzia CAN. Wenye subira wanaweza kutazama desmodiamu kwenye swali la kayongo.

Ng'ombe wa majirani wanakula kila kitu baada ya mavuno. Nifanyeje?

Hili ni jambo la kijiji, si la kilimo. Mazungumzo kwenye baraza la chifu yamesaidia mahali pengine kuliko miiba. Ukiwalisha ng'ombe wako mwenyewe, samadi ikarudi shambani, hujapoteza sana, ila mkojo unabeba sehemu kubwa ya naitrojeni. Tandaza mabua chini zizini yaunyonye, na uifunike samadi mvua isiioshe.

## Mambo yakienda kombo

Mukuna yangu ni ya njano na haikui. Si inajitengenezea naitrojeni?

Ing'oe mche mmoja polepole kwa jembe, usiuvute. Tazama vinundu kwenye mizizi, kisha ukipasue kimoja kwa ukucha. Ndani kukiwa na rangi ya waridi au nyekundu kama damu iliyofifia, kazi inaendelea. Kukiwa na weupe au ukijani, hakuna kinachofanyika.

Mukuna, kunde na marejea kwa kawaida wanapata bakteria wao wenyewe kwenye udongo wetu. Soya ndiyo yenye madaha: aina nyingi zinataka chanjo ya mbegu (bakteria wa kupakwa kwenye mbegu), ingawa SB19, ambayo inalimwa sana magharibi, inakubali bakteria wa kienyeji. Chanjo iitwayo Biofix, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, inatengenezwa hapa Nakuru na kampuni ya MEA. Ni viumbe hai; ukiiacha juani kwenye dashibodi unapanda unga mtupu.

Ikiwa vinundu havipo kabisa, shuku fosforasi au asidi.

Udongo wangu una asidi. Nianze na nini?

Chokaa. pH (kipimo cha asidi) ikiwa chini ya 5.5, alumini inaumiza mizizi na bakteria wanazorota, kwa hivyo mukuna na mbolea vyote vinapotea. Pima kwanza: chukua udongo wa kina cha sentimita 20 kutoka sehemu kumi au zaidi, changanya, peleka maabara ya KALRO (shirika la utafiti wa kilimo) au ya kaunti. Chokaa ya kilimo inachimbwa Koru, Kaunti ya Kisumu. Kwa watu wa magharibi usafiri ndio gharama, na kikundi kikikodi lori pamoja inapungua. DAP na urea huongeza asidi mwaka baada ya mwaka. CAN haina ukali huo.

Kayongo imejaa shambani. Mazao funika yatasaidia?

Desmodiamu itasaidia kuliko yote. Mizizi yake inatoa kemikali zinazofanya mbegu za kayongo ziote halafu zife bila kushika mzizi wa mahindi. Watafiti wa ICIPE (kituo cha utafiti wa wadudu) wa Mbita, pamoja na kituo cha Rothamsted cha Uingereza, ndio walioujenga mfumo wa vuta-sukuma: desmodiamu kati ya mistari, na nyasi za nepia au brakiaria pembezoni zikivuta nondo wa viwavi. Desmodiamu haifyekwi na kupandwa upya. Inakaa miaka, inalisha ng'ombe, na inaongeza naitrojeni polepole. Msimu wa kwanza usipunguze mbolea, kwa sababu bado inajijenga. Kuanzia mwaka wa pili au wa tatu ndipo uanze.

Kayongo pia inapenda udongo wenye njaa ya naitrojeni, kwa hivyo kupunguza CAN haraka kwenye shamba lake ni kumkaribisha mgeni asiyeondoka.

Nilipiga dawa ya magugu. Naweza kupanda mukuna wiki ya sita?

Soma lebo. Ikiwa na atrazine, mikunde itaota kisha ife, na unaweza kulaumu mbegu bure. Fanya palizi kwa jembe kwenye kipande hicho, au panda kifuniko msimu mwingine.

Nimefuata kila kitu, mahindi bado yamekuwa njano wiki ya nne.

Mara nyingi ni mvua ya kwanza. Mwaka 1958 mtafiti H. F. Birch, aliyekuwa Muguga nje ya Nairobi, alieleza kwamba udongo uliokauka ukilowa ghafla, vijidudu vinaamka kwa pamoja na naitrojeni nyingi inaachiliwa kwa siku chache. Mahindi wakati huo ni kama sindano. Mvua ikiwa kubwa, naitrojeni inateremka chini kabla mizizi haijaifikia. Ukichimbia mukuna mapema mno halafu uchelewe kupanda, umeiongezea mvua chakula.

Watafiti wa ICRAF (kituo cha utafiti wa kilimo mseto) waliofanya kazi magharibi miaka ya 1990 waliikuta naitrojeni hiyo imelala kati ya nusu mita na mita mbili, chini ya mizizi ya mahindi. Mti wa sesbania unaifikia na kuirudisha juu kupitia majani.

Cha kufanya sasa: usingoje wiki ya sita. Weka nusu ya CAN leo, nusu nyingine mbelewele zikikaribia.

Nina urea, sina CAN. Niimwage juu ya matandazo?

Usithubutu. Mabaki ya mimea yamejaa kimeng'enya kinachovunja urea, na jua likiwaka itapaa kama amonia, pua itakuambia. Sukuma matandazo pembeni, weka kwenye kijishimo, funika kwa udongo.

Nitajuaje nilipunguza kupita kiasi?

Acha mistari minne, katikati ya shamba si pembeni, iliyopewa mbolea kamili. Weka vijiti kwenye ncha zake, maana mwezi wa nane utasahau ilikuwa ipi. Wakati wa mavuno, vuna mistari miwili ya ndani ya ukanda huo na mistari miwili ya urefu uleule upande uliopunguza, pura na upime kando. Tofauti ikiwa ndogo kuliko bei ya mbolea uliyookoa, endelea kupunguza mwakani. Kwangu Bahati mwaka jana tofauti ilikuwa kama gorogoro mbili kwa mistari miwili ya mita 30. Nikarudisha robo mfuko.

Shamba nimekodi kwa mwaka mmoja. Inafaa?

Mukuna na desmodiamu usipande, utamfaidi mwenye shamba. Panda kunde au njahi, vuna, rudisha majani, na uweke CAN yako kamili. Ukipata mkataba wa miaka mitatu ulioandikwa, tuzungumze tena.